Kuwapeleka Watoto Msitu wa Kakamega na Kurudi Kisumu Jioni

Shule zikikaribia kufungwa, maswali huwa yale yale. Tuingilie upande gani? Mtoto wa miaka minne ataweza? Lazima tuwe na mwongozaji? Kuna simba? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake kwa simu, nimeyaweka yote hapa, yamepangwa kwa familia inayotoka Kisumu asubuhi na kurudi nyumbani jioni ile ile. Ukitoka Eldoret, badilisha barabara tu, mengine yanabaki. Ukitoka Nakuru usijidanganye: ni zaidi ya kilomita 200 kwenda pekee, kwa hivyo panga kulala.

Simba hakuna. Hilo ulimalize na watoto mkiwa bado nyumbani, maana mtoto aliyeahidiwa simba akaonyeshwa mti atanuna mpaka mfike Chavakali mkirudi. Kakamega mtu huenda kuona miti, na viumbe wanaoishi juu ya miti hiyo: kima na mbega, ndege kama hondohondo na shorobo, na vipepeo. Ndio msitu pekee uliosalia Kenya wa aina ya misitu ya mvua ya Kongo. Uchukue kama bustani kubwa ya mimea ambayo hakuna aliyeipanda na hakuna anayeipalilia. Ukienda na fikra hiyo, siku haitakuangusha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha kila mtu mzima. Raia, wakaazi na wageni hutozwa viwango tofauti, na mtoto hatozwi sawa na mtu mzima.
- Simu yenye chaji, bando na pesa kwenye M-Pesa, pamoja na noti ndogo ndogo za boda boda na za kununua ndizi njiani.
- Viatu vya kufunika mguu mzima: raba zenye meno au gambuti. Sapatu na sendo ziachwe nyumbani.
- Suruali ndefu na soksi ndefu kwa kila mtu, hata kwa mtoto anayelia kwamba anasikia joto.
- Sweta na koti la mvua. Msitu uko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi huwa na ubaridi ambao mtu wa Kisumu hautarajii.
- Leso mbili. Moja ya kumbeba mdogo akichoka, nyingine ya kukalia.
- Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Magharibi yote hii ina malaria.
- Filimbi moja kwa kila mtoto. Nitaeleza sababu.
- Darubini, ukiweza kuazima. Moja inatosha familia nzima, na watagombana, lakini inatosha.
- Maji kwenye chupa za kutumika tena. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi, misitu ikiwemo, tangu Juni 5, 2020, na mifuko ya plastiki ilikatazwa nchi nzima tangu 2017. Chakula kitie kwenye vyombo vya kufunika au kikapu.

Usibebe nguo za mabaka ya kijeshi, hata kofia ya mtoto. Kwa sheria za Kenya hilo linaweza kukuletea maswali, na askari wa wanyamapori wako karibu.

Hatua ya 1: Chagua upande mmoja

Hapa ndipo wengi hukosea. Msitu una milango miwili inayosimamiwa na mashirika mawili, na kutoka mmoja hadi mwingine ni safari nyingine kabisa.

Upande wa kaskazini ni Buyangu. Hii ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, tangu 1985, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 44 hivi. Unapita mji wa Kakamega, unashika barabara ya Webuye kama kilomita 18, kisha unaingia kulia mwendo wa kilomita 2 hivi mpaka ofisini. Huku kuna kilima cha Buyangu, ambacho ukisimama juu yake unauona msitu wote umetandazwa chini yako, na kuna maporomoko ya mto Isiukhu.

Upande wa kusini ni Isecheno, chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Hufiki mjini Kakamega. Unaacha barabara kuu Khayega, unapita Shinyalu, na kutoka Shinyalu ni kama kilomita 5 tu. Kabla ya miti utapita mashamba ya chai. Ni sehemu ya Nyayo Tea Zones, ukanda uliopandwa kuanzia 1986 ili uwe mpaka kati ya msitu na mashamba ya watu. Waonyeshe watoto jinsi chai inavyoishia na msitu unavyoanza papo hapo kama ukuta.

Ushauri wangu: kama ni mara ya kwanza, na una mtoto wa chini ya miaka minane, nenda Isecheno. Ni karibu zaidi na Kisumu, na mtoto anaona mambo mengi bila kupanda kilima. Kama watoto ni wa darasa la sita kwenda juu na wanataka kupanda na kuona maji yakianguka, nenda Buyangu. Usijaribu pande zote mbili kwa siku moja. Utakachoona zaidi ni kiti cha matatu.

Hatua ya 2: Chagua siku

Ratiba ya shule haikupangwa na mtu anayetembea msituni. Likizo ya Aprili huangukia kwenye masika yenyewe, na ya Agosti nayo huingia kwenye kipindi kingine cha mvua nyingi. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hiyo si mvua ya kusimama chini ya mti usubiri ipite. Miezi mikavu ni Desemba, Januari na Februari, kwa hivyo likizo ya Desemba ndiyo inayofaa. Ukibanwa na Aprili, nenda tu, lakini na gambuti, na uwe umetoka chini ya miti kabla ya saa 8 mchana, kwa kuwa mvua ya huku hupenda alasiri.

Epuka sikukuu za kitaifa ukiweza. Kelele za makundi makubwa huwapandisha kima juu kabisa ya miti, wasionekane tena.

Hatua ya 3: Malipo na mwongozaji

1. Upande wa Buyangu, ada ya kuingia hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo na huduma, si kwa pesa taslimu langoni. Fungua akaunti jioni kabla ya safari, ukiwa umekaa na mtandao uko imara, uangalie viwango vya sasa huko huko. Viwango hubadilika, kwa hivyo usitegemee alicholipa shemeji yako mwaka juzi.
2. Upande wa Isecheno, piga simu au uliza ofisi ya msitu kabla ya kwenda ujue njia ya kulipa. Pande zote mbili dai risiti rasmi. Mtu akikuambia umpe pesa mkononi "akusaidie", mshukuru uendelee mbele.
3. Tafuta mwongozaji, na umtafute ofisini. Wengi ni vijana waliozaliwa kandokando ya msitu, wanajua ndege kwa sauti na miti kwa majina ya Kiluhya, kisayansi na Kiswahili. Kubalianeni bei, muda, na kwamba mko na watoto, kabla hamjaanza kutembea.

Je, mwongozaji ni lazima? Na watoto, ndiyo. Njia za msituni hukatana na kufanana, na mtu asiyezijua huzunguka. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: bila yeye utatembea saa mbili katikati ya mbega bila kuona hata mmoja. Jicho lako halijui pa kutazama.

Hatua ya 4: Njia

Kwa gari lako, ondoka Kisumu saa 12 asubuhi kupitia Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali. Kisumu hadi Kakamega ni kilomita 50 hivi, lakini ni njia ya kupanda na yenye masoko mengi, kwa hivyo usihesabu kama barabara tupu.

Kwa matatu, panda ya Kakamega pale steji kuu. Wa Isecheno mwambie makanga awashushe Khayega, kisha mtafute gari la Shinyalu. Kutoka hapo mara nyingi ni boda boda. Hapa nakuomba sana: pikipiki moja, mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Ile desturi ya baba, mama na watatu juu ya boda moja, na udongo mwekundu ukiwa umelowa, iache. Wa Buyangu washuke Kakamega mjini, wapande gari la kuelekea Webuye, na wamwambie makanga mapema kwamba wanashuka njia panda ya msitu.

Siku ya Jumamosi, mkisikia ngoma za isukuti na pembe upande wa Khayega au Shinyalu, huenda kuna mafahali wanapiganishwa. Waisukha na Waidakho, Waluhya wa huku, wana mchezo huo, na isukuti yenyewe iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni tangu 2014. Inavutia, lakini mkisimama kutazama, msitu mtauingia adhuhuri. Tengeni siku yake.

Hatua ya 5: Sheria tatu langoni

Kwanza kila mtu aende chooni, hata asiyesikia haja. Kisha waambie watoto sheria tatu tu, maana ya nne hawataikumbuka: hatugusi kitu mpaka mwongozaji aseme, hatulishi tumbili wala nyani, na ukipotea, kumbatia mti ulio karibu, ubaki hapo hapo, upige filimbi. Mtoto aliyetulia mahali pamoja hupatikana haraka kuliko anayetafuta wazazi.

Soksi zivutwe juu ya suruali. Si kwa urembo. Siafu wakipanda ndani ya suruali ya mtoto, safari imeisha.

Hatua ya 6: Tembeeni polepole, mtazame miti

Chagueni njia fupi, saa moja na nusu au mbili kwa mwendo wa mtoto. Mwambie mwongozaji mapema kwamba mnataka miti, asiwakimbize kutafuta ndege mmoja adimu. Hivi ndivyo vitu ambavyo ningemwomba awaonyeshe.

*Mtini mnyongaji.* Huu peke yake unatosha kulipia nauli. Ndege hula tini, hudondosha mbegu juu kwenye tawi la mti mwingine, na mbegu huota huko huko angani. Mizizi huteremka polepole ikitafuta ardhi. Ikishafika, hunenepa, hushikana, huuzunguka mti ule uliopokea mgeni, mpaka mwenyeji hufa na kuoza ndani. Mingine imebaki kuwa mnara wa mizizi ulio wazi katikati. Waulize watoto nani mwenye makosa, ndege au mti. Mabishano yatawafikisha kituo kinachofuata.

*Mwiritsa.* Gome lake hutengenezewa dawa za matatizo ya tezi dume na huuzwa nchi za nje, na kwa ajili hiyo mti umechunwa sana Afrika nzima. Biashara yake inadhibitiwa kimataifa tangu 1995 chini ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tafuta shina lenye kovu la kuchunwa. Mtoto akiliona kovu lenyewe, somo la uhifadhi halihitaji hotuba. Jani lake likisagwa lina harufu kali ya uchungu. Kunusa ni sawa, kuonja hapana.

*Mutere.* Mrefu, umenyooka, unakua haraka. Matunda yake hupendwa na hondohondo, na hondohondo akiruka juu yenu mtajua tu, kwa sababu mbawa zake huvuma kwa sauti unayoisikia kabla hujamwona.

*Lusiola.* Watoto wa Kisumu wanaujua kwa jina la siala, mti wa maua ya njano ambao babu huupanda kando ya boma kwa ajili ya nguzo. Wakiuona hapa miongoni mwa miti migeni kwao, wanafurahi kama waliokutana na jirani ugenini.

*Mukombero.* Mizizi yake huuzwa barabarani Kakamega na wazee huitafuna. Mmea wenyewe hutambaa juu ya mingine, na wengi waliokula mzizi maisha yao yote hawajawahi kuuona ukiwa hai. Usiung'oe. Kama watoto wanataka kuonja, nunua sokoni uliopandwa shambani.

Kila mnaposimama, nyamazeni dakika mbili kamili, mtu ashike saa. Kima hurudi kula, vipepeo hutua. Mbega mweusi mwenye manyoya meupe marefu huonekana zaidi asubuhi, amekaa juu akiota jua. Mkibahatika mtamwona shorobo mkubwa wa buluu, ndege wa ukubwa wa kuku anayekimbia juu ya matawi kana kwamba yuko uani.

Angalizo: msiruke magogo bila kutazama upande wa pili, wala kutia mkono kwenye shimo au chini ya majani makavu. Msitu huu una nyoka wenye sumu kali, wakiwemo moma na fira. Ni nadra kuwaona wakikusogelea, lakini ukimkanyaga moma atauma. Na kama mwongozaji atawapeleka kilima cha Lirhanda, kuna shimo la zamani la dhahabu lililobaki tangu mbio za dhahabu za miaka ya 1930. Popo wamehamia humo. Watoto watazame mlangoni, inatosha.

Hatua ya 7: Kula

Msile njiani mkitembea. Nyani hunusa chapati, na nyani akishika mfuko, huo si wako tena. Rudini kwenye uwanja ulio wazi karibu na ofisi, mtandaze leso. Chakula kinachostahimili safari ni chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, njugu na ndizi. Chai kwenye thamosi ikiwa na tangawizi. Wali na mchuzi ni kazi bure hapa. Takataka zote, hata maganda ya mayai, zirudi na nyinyi.

Mkipenda kukaa mezani, Rondo iko upande huo wa kusini, nyumba za wageni zenye bustani nzuri iliyotunzwa ndani ya msitu. Lazima mpige simu siku kadhaa mbele kuagiza chakula. Si bei ya kibanda.

Hatua ya 8: Ondokeni saa 8 mchana

Hata kama kila mtu anafurahia. Mvua ikianza mkiwa bado msituni, barabara ya udongo hugeuka utelezi na boda hupandisha bei. Kutoka saa 8 kunawaachia nafasi ya kusimama Ilesi kulitazama lile jiwe linalolia, mwamba mkubwa kando ya barabara kuu ambao maji huteremka usoni mwake kama machozi, na bado mfike Kisumu kabla ya giza.

Shida zikitokea

*Mtoto ameshambuliwa na siafu.* Msisimame hapo hapo. Sogeeni hatua ishirini kwanza, ndipo mumvue nguo na kuwang'oa mmoja mmoja. Kuwapangusa kwa mkono hakusaidii, wanauma na kushikilia zaidi.

*Ngozi inawasha ghafla.* Huenda ni upupu. Msikune. Osheni kwa maji mengi, mbadilishe nguo.

*Nyoka ameuma.* Mlazeni mtu, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, vueni pete na viatu kabla ya uvimbe. Msikate, msinyonye, msifunge kamba. Mwongozaji atafute gari mara moja kuelekea hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega. Msipoteze muda kumwinda nyoka.

*Mvua imeanza mapema.* Rudini ofisini, msijifiche chini ya mti mkavu. Matawi makavu huanguka.

*Mtoto amechoka nusu ya njia.* Mbebe kwa leso, mwombe mwongozaji njia ya mkato. Zawadi ya peremende mwishoni hufanya kazi kuliko kumsihi.

*Hamkuona mnyama hata mmoja.* Hutokea, hasa mkifika saa 4 au mkiwa wengi. Mwombe mwongozaji awapeleke kwenye mti wenye tini zilizoiva, mkae chini yake nusu saa bila kusema.

*eCitizen imekataa kulipa langoni.* Ndiyo maana nilisema ulipe jioni. Kama hukulipa, tafuta mahali palipo na mtandao, hata kama ni kurudi barabarani, kisha ujaribu tena kwa simu nyingine.

*Bibi anataka kuja na hawezi kutembea mbali.* Aje. Upande wa Isecheno akae kwenye uwanja karibu na ofisi na thamosi ya chai na mtoto mdogo; kima hufika mpaka hapo. Mwekeeni kiti cha kukunja kwenye gari.